Kwaya Inamwombea Marehemu Mtunzi, na Mtunzi Ni Mimi

Shangazi Martha, shikamoo.

Naomba uniahidi kwamba hutanicheka mpaka ufike mwisho, maana naandika nikiwa nimejifungia stoo, na kila nikisikia mtu anapita naiingiza karatasi chini ya gunia la alizeti, na mpaka hapa nimeshaiingiza mara nne.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, shule ya kutwa huku Mtinko. Sina shida ya mchumba wala ya mimba, nakuambia mapema usije ukaruka huko chini kuitafuta. Shida yangu ni wimbo.

Shangazi, mimi ni mtu wa kunyamaza. Nyumbani tunaongea Kinyaturu, kanisani Kiswahili, shuleni Kiingereza, na mimi nanyamaza kwa lugha zote tatu. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, tena wakati mwingine ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ila likifika kooni linageuza na kurudi lilikotoka. Lakini kuimba naweza, kwa sababu kwenye kwaya ukiimba hakuna anayejua kuwa ni wewe.

Naimba soprano kwenye kwaya ya kigango chetu, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, mwalimu wa kwaya, Mwalimu Calist, alinipa kazi ya kunakili nyimbo. Akipata wimbo kutoka kwaya nyingine ananipa karatasi iliyochakaa, mimi naandika upya zile noti za herufi, d r m f, sauti zote nne, maneno chini yake, na juu upande wa kulia jina la mtunzi, halafu inapelekwa kutolewa fotokopi. Kama jina limefutika au karatasi imechanika, naandika "Mtunzi: Hajulikani". Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na hapo ndipo nilipopotelea.

Mwaka jana wakati wa kupiga alizeti, mama na mama mdogo Martina walikuwa uani wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, huyu akishusha yule anapandisha, na mimi nilikuwa pembeni napepeta. Sasa mama kitambaa chake cha kichwa huwa hakikai, wakifika mapigo kama sita kinamwangukia machoni, anasimama kukifunga, na mama mdogo naye anasimamisha fimbo hewani anamsubiri, kunakuwa kimya kidogo, halafu wanashusha wote wawili kwa pamoja, paa! Wanaanza tena. Mama mdogo akawa anamwambia, "Dada, nunua kichwa kingine, hicho hakishiki kitambaa," na mama anamjibu, "Nitanunua chako, hakina kazi," na mimi nikawa nasikia ule mdundo, na ule ukimya, na ile paa, mpaka jioni ukawa umeshakuwa wimbo kichwani bila mimi kuuita.

Niliuandika nyuma ya daftari la Jiografia. Ulinichukua wiki tatu, nimekata nimeandika, nimekata nimeandika, besi ndiyo ilinitesa zaidi. Maneno yake yanasema, "Tumepiga, tumepepeta, makapi yamekwenda na upepo," halafu mapigo mawili wote kimya, halafu sauti zote nne kwa pamoja, "kilichobaki, mama, ni chako."

Januari Mwalimu Calist akanipa nyimbo tano ninakili. Nikamrudishia sita.

Sijui shetani gani alinisukuma, Shangazi, nilitaka tu kuusikia ukiimbwa na watu, basi, hata mara moja. Pale penye "mama" nikaweka "Bwana" ili ufae kwa matoleo, na juu kulia nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, Mtunzi: Hajulikani.

Mwalimu hakuhesabu, aliupitia, akaupenda, akatufundisha. Ila alipofika pale pa ukimya akasimama, akashika kiuno, akasema, "Mtunzi huyu alikuwa fundi, lakini hapa alisinzia," akachukua kalamu nyekundu akafuta mapigo yangu mawili, akaunganisha. Tangu siku hiyo kwaya nzima inapita pale bila kupumua, mimi peke yangu ndiye ninayenyamaza panapotakiwa, na mimi peke yangu ndiye ninayefinywa na wenzangu, "We, unachelewa!"

Hayo ningeyavumilia. Sasa kuna Mzee Leonidas, besi wetu wa miaka yote. Wimbo ulipozoeleka alisimama mazoezini akasema, "Huu mimi naujua. Tuliuimba Mitundu mwaka themanini na saba, wakati huo nina nywele." Watu wakacheka, Mwalimu akamuuliza nani aliutunga, Mzee akafikiri akasema, "Padri mmoja mrefu." Wiki iliyofuata akakumbuka kuwa huyo padri alikuwa na pikipiki. Wiki iliyofuata akakumbuka kuwa alishafariki. Shangazi, nakuapia sikumsaidia hata neno moja, alijikumbukia mwenyewe mpaka padri akazikwa.

Basi mwenyekiti wa kwaya akaona si vizuri tunaimba wimbo wa mtu bila kumkumbuka, akasema kila tukimaliza mazoezi tumwombee. Tukasimama. Akaanza, "Raha ya milele umpe ee Bwana," na mimi nikaitikia na wenzangu, "na mwanga wa milele umwangazie," akasema, "Apumzike kwa amani," na mimi kwa mdomo wangu huu nikasema, "Amina." Nimeshajiombea hivyo tangu Pasaka. Siku nyingine nacheka nikiwa na daftari usoni, siku nyingine naogopa kwamba Mungu atasikia.

Na mama yangu, ambaye haimbi kwaya ila anasali ibada ya pili, wimbo ameushika. Anauimba akiosha vyombo. Juzi akaniambia, "Huyo padri lazima alilelewa na mama anayelima. Mtu wa kununua mafuta dukani hawezi kujua makapi yanavyoondoka." Nikamwambia ndiyo mama. Nikaenda kuchota maji wakati ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Sasa shida yenyewe. Shuleni yamekuja mashindano ya wanafunzi ya kutunga wimbo, mada ni kazi za watu wanaotuzunguka, na wimbo utakaoshinda utaimbwa na kwaya ya wanafunzi mbele ya watu, na jina la mtunzi litatajwa. Fomu ni ya Kiingereza, nimeisoma mara nyingi mpaka nimeikariri, na chini kabisa mwalimu lazima asaini kwamba wimbo ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu anayesimamia ni Madam Aneth, anatufundisha Kiingereza, na kwa bahati mbaya yangu, Madam Aneth anaimba alto kwaya hiyo hiyo.

Nilijikaza nikampelekea karatasi ofisini. Niliurudishia "mama" yake na ukimya wake. Sikusema kitu, nilimwekea mezani. Akasoma mstari wa kwanza akiimba kimoyomoyo, akashuka mpaka wa mwisho, halafu akavua miwani.

"Lakini huu si ule wa marehemu padri?"

Shangazi, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwa lugha zote. Likafika kooni.

"Umebadilisha neno moja ukaweka 'mama'. Mimi siwezi kusaini uongo, na wewe si mtoto wa hivyo. Niletee wimbo wako mwenyewe, hata kama ni mbaya. Sawa?"

Nikasema, "Ndiyo, Madam." Nikachukua karatasi yangu nikatoka.

Tangu siku hiyo ananiangalia kwa huruma, ile huruma ya kumwangalia mtu aliyekutwa na mkono kwenye sahani ya mwenzake. Nimejaribu kutunga wimbo mwingine kuhusu kazi ya usafi wa mazingira, ni mbaya hata mimi naona aibu kuupiga mluzi. Fomu zinaondoka shuleni tarehe thelathini mwezi huu wa sita. Nikinyamaza, nitapeleka ule wa usafi na wimbo wangu utabaki wa padri milele. Nikisema, nitakuwa nimewaambia watu wazima wote kwamba wamemwombea mtu aliyekuwa amesimama katikati yao, Mzee Leonidas ataonekana mwongo, Mwalimu Calist ataonekana hakujua, na pengine hawataniamini, watasema huyu mtoto anamwibia marehemu. Na nitasemaje, Shangazi, mimi ambaye hata "abee" huwa nanong'ona?

Naomba unijibu haraka. Mama ananiita, nadhani anataka gunia hili hili.

Mtunzi Hajulikani,
Mtinko.


SHANGAZI MARTHA ANAJIBU

Marhaba, marehemu wangu.

Uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Nilijitahidi. Nilipofika pale ulipojiitikia "Amina" nilishindwa, na mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ila marehemu anaendelea vizuri.

Haya, sasa nimeshacheka, kaa nikuambie.

Kwanza, Mzee Leonidas umwache. Unamlaumu bure. Mzee alikuta kiti kitupu, akamkalisha padri. Kiti ulikiacha wewe, ulipoandika "Hajulikani" juu ya kitu unachokijua mpaka kukata kwake na kufuta kwake. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo, na naujua ulikotoka: ulitaka kusikiliza kazi yako kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Ningekuwa na miaka kumi na sita na wimbo kama huo, pengine ningefanya hivyo hivyo. Lakini wa pili siusamehi haraka. Madam alikuuliza wazi, wewe na yeye ofisini, nawe ukasema "Ndiyo, Madam." Umewahi kufikiri ulisema ndiyo kwa nini hasa? Ulikiri wizi ambao hukuufanya, eti kwa sababu kukiri ni neno moja na kujieleza ni maneno kumi. Mwanangu, uvivu wa koo huo, usiuite upole.

Na usinipe hadithi ya kwamba huwezi kusema. Barua hii umeandika kurasa tatu, kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa umeshika gunia. Maneno unayo, yanafuata tu njia nyingine. Basi tutayapitisha huko huko.

Utaanza na mama yako, na utaanza leo. Yule mwanamke anaosha vyombo akiimba kitambaa chake mwenyewe bila kujua. Madam atasubiri, fomu itasubiri, mama hawezi kuwa wa mwisho kusikia wimbo wenye jina lake ndani. Kama koo litagoma, mpe daftari la Jiografia ukiwa umelifungua ukurasa wa nyuma, ukae karibu naye, usikimbilie maji. Ndoo zimejaa.

Ukimaliza hapo, kesho yake nenda kwa Mwalimu Calist. Utaanza na yeye kabla ya Madam Aneth, kwa sababu yeye ndiye uliyempa nyimbo sita badala ya tano, na anadai maelezo. Nenda nyumbani kwake, mchana, msalimie inavyotakiwa, shikamoo yenye sauti, mke wake akiwepo mwamkie na yeye. Mpelekee daftari. Yule mtu amefundisha kwaya miaka mingi, anajua tofauti ya karatasi iliyonakiliwa na karatasi iliyoteseka. Akiona besi imekatwa mara saba atajua hakuna anayenakili hivyo.

Akisitasita, au akikuambia "lakini Mzee Leonidas alisema", usibishane naye. Mwalike nyumbani kwenu. Mwambie aje na Madam Aneth, siku mama na mama mdogo wako wanapiga alizeti. Mwezi huu si ndio zinapigwa? Basi. Waketishe pembeni, wape maji, wewe simama na ungo wako uimbe juu ya zile fimbo. Usieleze kitu. Watasikia "makapi yamekwenda na upepo", wataona kitambaa kinaanguka, watasikia ukimya, wataona fimbo ya Martina imesimama hewani, halafu zote mbili, paa, "kilichobaki." Hakuna padri wa Mitundu, mrefu wala mfupi, aliyewahi kujua kitambaa cha mama yako kinaanguka baada ya mapigo mangapi. Mwalimu Calist atamtafuta aliyesinzia, na atajikuta ni yeye na kalamu yake nyekundu. Usimcheke. Mwombe tu aurudishe ukimya, na kama wenzako watakufinya tena, waambie waulize kwa mwalimu.

Madam Aneth atasaini. Naye ni mtu mwema, alikataa kusaini uongo, na mwalimu wa namna hiyo ndiye unayetaka jina lake likae chini ya lako. Lakini mwombe radhi kwa ile "Ndiyo, Madam", kwa mdomo. Hapo sikupi njia ya kando. Maneno matano yanatosha: "Madam, wimbo ule ni wangu." Yafanyie mazoezi stoo. Magunia hayajibu.

Sasa kuhusu Mzee wetu. Watu watataka kumtania, na wengine watakuwa wameshaandaa vichekesho. Wewe uwatangulie. Mfuate baada ya mazoezi, mwamkie, mwambie kwamba besi ndiyo iliyokutesa zaidi na unaomba akuonyeshe kama mahali popote inamkwaza mwimbaji. Mzee aliyeimba besi tangu akiwa na nywele ana mengi ya kukufundisha, na atakuwa na kitu cha kweli cha kusimulia kuhusu wimbo huo. Akisisitiza kwamba bado anamkumbuka yule padri na pikipiki yake, mwambie pengine alikuwepo, na alitunga mwingine. Humpunguzii kitu marehemu, wala mzee.

Na zile sala, usizihangaikie. Kama padri mrefu yupo, zimemfikia. Kama hayupo, Mungu anajua pa kuzipeleka, na wewe kuombewa mwanga tangu Pasaka hakujakudhuru. Naona hata umeanza kuandika barua. Ila mwenyekiti wa kwaya aambiwe mapema, kabla hajaanza kupanga misa ya kumbukumbu.

Kushinda sikuahidi. Sijui nani wengine wanatunga, na pengine kuna mtoto mahali ana wimbo unaopita wako. Ukishindwa, ushindwe ukiwa hai na kwa jina lako. Ule wa usafi wa mazingira uuchome, kwa heshima ya mazingira.

Jambo la mwisho. Chini ya barua umejiita Mtunzi Hajulikani. Juu yake kidogo ulikuwa umeandika jina lako kamili, la ubatizo na la ukoo, ukalikata kwa mstari mmoja mwembamba. Linasomeka, mwanangu. Anayetaka kujificha kweli hukata mpaka karatasi itoboke. Mimi sitalichapisha, hiyo si kazi yangu. Kwenye fomu ile uliyoikariri kuna mstari wa jina. Liandike hapo kwa mwandiko wako mzuri, na safari hii usilikate.